Nani Anaguna Kwenye Albamu?

Jumamosi, 6 Aprili

Shemeji,

Salamu nyingi. Mdogo wangu, yaani mkeo, ametupiga marufuku kupigiana simu mpaka tujifunze kuongea kama watu wazima. Nilimwambia mtu wa umri wangu hajifunzi tena kuongea, labda kunyamaza. Akasema, "Basi andikianeni. Mtu akiandika hupoa." Haya, naandika. Kalamu nimeazima kwa mke wangu, naye amenionya niirudishe na kifuniko chake.

Kwanza uniwie radhi kwa yale ya kwenye simu. Sikukusudia kusema kwamba unapiga dramu kama mtu anayefukuza panya kabatini. Ilinitoka. Ingawa ukimuuliza Kinyozi, na gitaa lake lile la besi, sidhani kama atakataa.

Sasa la albamu. Mmeamua kurekodi, rekodini. Sina neno. Bendi ni ya watu wanne, na mmoja akihamia mji mwingine kwa sababu mkewe muuguzi amehamishwa kazi, watatu waliobaki hawawezi kukaa kwenye karakana yako ya makochi wakitazamana mpaka mwaka uishe. Hilo naelewa. Nisichoelewa ni haraka. Tuliagana vizuri: mwaka ukiisha narudi, kiti changu kwenye piano kinaningoja, tunaanza. Ile albamu yetu ya kwanza walinunua ndugu na jamaa, nao kwa kuona aibu. Hatukuwa na kampuni wala mfadhili, na mpaka leo hatuna. Hii mpya ndiyo ilikuwa itutoe. Nyimbo zote nane tulizifanyia mazoezi pamoja, mimi mwenyewe nikatafuta kila sehemu ya piano, nikiwa na homa siku nyingine. Leo zinarekodiwa bila mimi. Tena kwenye piano yangu, iliyobaki kwako kwa sababu tu haikuingia kwenye lori.

Sina wivu. Nauliza tu, kama mtu anavyouliza habari za mvua: huyo mfamasia mliyemwokota, anapigaje? Anakaa wima au anainama? Akimaliza anaifunika piano? Na nani alimruhusu kukalia kiti changu?

Shemeji yako,
Vidole

*

Jumatatu, 15 Aprili

Shemeji Vidole,

Barua nimeipata, nimeisoma nikiwa nimelala chini ya kochi la mteja na misumari mdomoni, ndiyo maana nimechelewa kucheka. Radhi nimepokea. Ile ya panya nilimsomea Kinyozi akiwa kazini, kidogo amtoe mtu sikio.

Unauliza haraka ya nini. Haraka ni dada yako. Anasema nyimbo zikikaa sana zinachacha. Unamjua. Akiziimba jikoni bado unaweza kumbishia. Akianza kuziimba pale benki, huku anamhesabia mteja noti, ujue hakuna tena wa kumzuia. Basi nimebandika sponji ukuta mzima wa karakana, ile ile ninayoweka kwenye makochi, na sasa humu ndani ukimeza mate unajisikia. Kila Jumapili tunasukuma makochi ya watu pembeni tunarekodi. Dada yako anataka albamu iitwe Viti vya Watu.

Mfamasia hatukumwokota. Ni dada mmoja aliyeleta kochi la mama yake nilibadilishe kitambaa. Akaiona piano, akauliza kama anaweza kuigusa kidogo. Nikamwambia gusa. Nilidhani atagonga gonga kama mtoto. Sasa sijui nikuambieje, shemeji. Anajitahidi. Nota hasomi, kama wewe tu. Nilimpa zile rekodi za mazoezi tulizochukua kwa simu ulipokuwa hapa, akaenda kuzisikiliza kwake, akarudi nazo zote vidoleni. Hataki kubadilisha kitu. Kinyozi alimwambia, "Tia na madoido yako basi." Akasema, "Hapana, mimi nimezikuta hivi."

Anakaa wima. Piano anaifunika. Kiti amekipandisha kidogo, ni mfupi.

Wako katika vumbi la mbao,
Fundi Makochi

*

Jumatano, 24 Aprili

Shemeji,

"Anajitahidi." Neno hilo nimekwenda nalo kazini wiki nzima. Nakujua. Kwako chakula kibaya "kinalika", na mtu mvivu "ana mambo mengi". Sasa huyu anayejitahidi, ni mbaya mpaka unaona aibu, au ni mzuri mpaka unaogopa kuniambia? Nimeligeuza neno lenyewe kama embe sokoni, sijaona lilikooza wala lilikoiva.

Na kiti amekipandisha! Kile kiti nilikihangaikia miaka mpaka tukaelewana. Mwambie kuna alama ya chaki kwenye mguu wa kiti, akirudishe hapo akiondoka. Maana ataondoka. Si ndivyo tulivyosema?

Usinione nalalamika, huku nako napiga muziki. Duka ninalofanya kazi tunauza majokofu, feni na pasi, na kwenye rafu ya chini kuna kinanda kimoja cha watoto, cha betri. Ukibonyeza kitufe chekundu kinalia kama bata. Wateja wakipungua nakichukua nakipigia wimbo wa tatu, ule unaoanza taratibu. Juzi mama mmoja alisimama akasikiliza, nikaona sasa, angalau mmoja. Akaniuliza, "Baba, hicho kinacheza chenyewe au ni wewe?" Nikamwambia kwa fahari ni mimi. Akasema, "Basi mimi nataka kile kinachocheza chenyewe."

Mke wangu amesoma hapa begani kwangu, anauliza kama hii ni barua au ni malalamiko yaliyotiwa salamu. Nimemwambia arudi kwenye chai yake.

Nitumie nisikie. Hata wimbo mmoja. Nina haki hiyo, au nayo imepandishwa kidogo?

Vidole

*

Alhamisi, 9 Mei

Shemeji,

Kwenye bahasha hii kuna flashi. Nyimbo nne, za kwanza. Hazijakamilika, bado kuna mahali tutarudia, kwa hiyo usizipime kama zimeisha. Sikiliza ukiwa umekaa, na umekula.

Dada yako hajui kama nimekutumia.

Fundi Makochi

*

Jumatatu, 13 Mei

Shemeji, shemeji, shemeji!

Mnafiki mkubwa wewe! Kumbe!

Nilikaa, kama ulivyosema. Nilikula, kama ulivyosema. Nikaweka wimbo wa kwanza huku nimekunja uso tayari, maana uso wa mtu anayesikiliza mwenzake akikosea nilikuwa nimeuandaa tangu asubuhi. Wimbo ukaisha, uso umebaki hauna kazi. Nikaweka wa pili. Wa pili pia. Nikajisemea, bwana, mwenzangu huyu amenimaliza.

Kisha wimbo wa tatu, ubeti wa pili, pale mkono wa kushoto unapoanza kupanda. Nikasikia mtu anaguna.

Nikarudisha. Akaguna tena. Nikarudisha, nikaweka sikio kwenye spika. Shemeji, huyo ni mimi! Mnajua tabia yangu, nikipiga mdomo hautulii, namung'unya maneno mpaka mkeo hunisogezea maikrofoni mbali. Nikarudi wimbo wa kwanza, nikasikiliza kwa makini: naguna. Wa pili: naguna. Wa nne naguna toka mwanzo mpaka mwisho kama mzee anayepanda ngazi.

Mmetumia zile rekodi za mazoezi! Mmezisafisha, mkapanga dramu na besi juu yake, mkaniacha mimi nilivyo. Ndiyo sababu ulisema "anajitahidi". Masikini, alijitahidi ikashindikana, mkaona aibu kuniambia. Nami nikakutilia shaka wewe, mume wa mdogo wangu! Nisamehe sana.

Na sasa, kwa kuwa ni mimi, niruhusu niseme ambalo nisingelisema kama angekuwa mwingine: shemeji, ile ni piano! Ule mkono wa kushoto haubabaiki. Unaingia kwenye ubeti kama mwenye nyumba, bila hodi, bila kukimbia. Sikujua kama napiga hivyo. Mtu ukiwa unapiga husikii, unahangaika na vidole tu. Mke wangu alisikiliza huku anakunja nguo, akasema, "Huyu anapiga kwa utulivu." Nikamwambia huyu ni mumeo. Akanitazama, akaendelea kukunja nguo.

Kuhusu jalada, sitaki makuu. "Piano: Vidole." Inatosha. Na mfamasia mtafutieni neno zuri kwenye shukrani, kwamba alitupa moyo, au dawa.

Shemeji yako mwenye furaha,
Vidole

*

Jumatano, 22 Mei

Shemeji,

Barua imefika. Nimefurahi kwamba umefurahi. Ni jambo kubwa mtu kufurahi.

La jalada tutaongea, bado. Kazi ni nyingi, kuna hoteli imeleta viti vyake vyote kwa mpigo. Kinyozi anakusalimu sana. Naye anasema amefurahi kwamba umefurahi.

Fundi Makochi

*

Jumapili, 26 Mei

Kwa Mfamasia,

Hatujuani, ila piano yangu unaijua, kwa hiyo si wageni sana. Mimi ndiye Vidole. Anwani nimeipata kwa Kinyozi, ambaye kwa sababu fulani aliitoa kwa kusitasita.

Naandika kukutia moyo. Nimesikia nyimbo nne za mwanzo na nimeshaelewa kilichotokea. Usione aibu, dada. Hata mimi nilipoanza, watu walikuwa wakikumbuka ghafla kwamba wameacha kitu jikoni. Kushika nafasi ya mtu aliyekaa mahali miaka mingi ni kazi ngumu, na kukubali kwamba kazi imekuzidi ni uungwana. Wengine wangeng'ang'ania.

Nikuachie neno moja la ufundi, kama kaka. Usikilize vizuri wimbo wa tatu, ubeti wa pili, mkono wa kushoto. Usikimbilie kuuiga. Sikiliza tu jinsi usivyo na papara, jinsi unavyomwachia mwimbaji nafasi ya kutosha kumaliza neno lake. Hicho hakifundishwi. Lakini ukikaa nacho miaka kadhaa, nawe utafika mahali fulani.

Kiti, tafadhali, kirudishe kwenye alama ya chaki.

Kaka yako katika muziki,
Vidole

*

Jumatatu, 3 Juni

Kaka Vidole,

Shikamoo. Ahsante kwa barua. Nimeisoma hapa dukani katikati ya wateja, nikampa mzee mmoja dawa ya kikohozi badala ya ya macho, bahati nzuri akasoma chupa.

Kaka, sijui nani alipaswa kukuambia na sijui kwa nini hajakuambia. Nimemuuliza Fundi Makochi, akaingia chini ya kochi. Naomba nikuambie mimi, unisamehe kama nakukosea adabu. Piano kwenye zile nyimbo nimepiga mimi. Zote. Rekodi za simu hazikutumika, zilikuwa na kelele za randa na mtoto wa jirani.

Miguno nayo ni mimi. Nilijifunza nyimbo kwa kukusikiliza wewe, na kila mahali ulipoguna nilidhani ni sehemu ya wimbo, kama kiitikio cha chini chini. Sikuweza kukamata maneno, kwa hiyo nikawa naguna vile vile nilivyosikia, kwa wakati ule ule. Wenzangu hawakuniambia kitu. Kinyozi anasema walidhani kila mpiga piano huguna.

Mkono wa kushoto wa wimbo wa tatu ulionishauri niusikilize ni wangu, lakini nitaendelea kuusikiliza. Hapo tu ndipo nilishindwa kupiga kama wewe. Wewe unaongeza mwendo. Vidole vyangu ni vizito, havikukubali. Naomba radhi.

Nina ombi. Jumapili mbili zijazo tunarudia sehemu chache, kisha basi. Tafadhali niandikie yale maneno unayoyasema ukipiga. Naona vibaya kuimba kwenye albamu ya watu jambo nisilolijua maana.

Kiti nitakirudisha kwenye chaki kila nikimaliza. Sikuwa nimeiona.

Wako mdogo,
Mfamasia

*

Jumatano, 5 Juni

Kaka,

Mume wangu nimemtoa chini ya kochi kwa kumvuta mguu, akanieleza yote: flashi, barua zako, "nimefurahi umefurahi". Nilimuuliza kwa nini hakukwambia ukweli. Akasema, "Alikuwa na furaha sana, nilimwonea huruma." Mtu mzima na ndevu zake. Nimewarudishia ruhusa ya simu, maana barua zimewaharibu zaidi.

Sasa nisikilize mimi. Ni yeye anayepiga. Umemsifu kuliko alivyowahi kusifiwa na mtu yeyote katika bendi hii, na ulikuwa umekunja uso tayari kumponda. Kinyozi ameisoma barua yako ya 13 Mei kwa sauti mara nyingi, anasema ni uhakiki bora wa muziki aliowahi kuusoma.

Mimi sikuicheka. Najua ulivyo na hiyo piano. Najua pia nilikuambia kiti kitakungoja. Nilisema hivyo kwa sababu ulikuwa unapakia vyombo na uso umekushuka, na nilitaka ufike salama. Sikufikiria kwamba atakuja mtu akae.

Lililonifanya niandike ni hili. Alipojua kwamba hukuwa ukijua, mfamasia alikuja benki akapanga foleni kama mteja, alipofika dirishani kwangu akaniambia kama jambo hili linakuumiza anajitoa. Tufute piano yake yote, tungoje mwaka uishe, urudi urekodi wewe. Nikamwambia asiseme upuuzi. Akasema, "Dada, nyimbo ni zake, mimi nilileta kochi tu." Hakuwa akitafuta kubembelezwa. Kinyozi alipoambiwa alishindwa kunyoa, akafunga duka.

Sitaki uamuzi huo ukae kwangu, maana mimi ni mdogo wako na nitakosea upande wowote. Jalada linakwenda kwa mchapaji wiki ijayo. Akijitoa, jalada linasubiri, nasi tunakungoja. Akibaki, amebaki, hata ukirudi. Sema wewe.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 10 Juni

Mdogo wangu,

Mwambie nimekubali. Ajitoe.

Kaka yako

*

Jumanne, 11 Juni

Mfamasia,

Barua hii nimeipeleka mwenyewe stendi na kumkabidhi dereva wa basi la asubuhi, kwa sababu jana nilitia nyingine posta kwenda kwa mdogo wangu na nataka hii iitangulie. Ikichelewa, utakuwa umeshaambiwa kwamba nimekubali ujitoe. Nilikubali kweli. Niliandika kwa mkono wangu na sikufuta neno. Ningependa kukuambia nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa na raha. Nilitoka posta napiga mluzi.

Nikarudi nyumbani nikaweka zile nyimbo nne ili nitafute sababu. Nilitaka kosa moja tu la kujishikilia: kidole kilichoteleza, mahali ulipochelewa, chochote ambacho kesho na keshokutwa ningeweza kujiambia, unaona, nilifanya hivyo kwa ajili ya bendi. Mke wangu alikuwa anavaa viatu kwenda zamu. Akauliza, "Unatafuta nini humo?" Nikasema natafuta alipokosea. Akafunga kamba za kiatu taratibu, kisha akasema, "Ulipodhani ni wewe, hukutafuta." Akachukua mkoba wake akaondoka. Na mlango hakuubamiza. Angeubamiza ningepata cha kununia.

Nikabaki na wimbo wa tatu.

Dada, nikuambie jambo kuhusu ubeti wa pili. Pale mimi hukimbia. Miaka yote. Nikikimbia, shemeji ananifuata na dramu zake, Kinyozi anamfuata shemeji, na mdogo wangu inabidi ameze nusu ya neno ili asiachwe na wimbo. Sisi wote tulishaamini wimbo wenyewe uko hivyo. Wewe unaomba radhi kwamba vidole vyako havikukubali kuongeza mwendo. Nimesikiliza jana, safari hii nikijua ni wewe, na mdogo wangu amelitamka lile neno lote. Nimeimba naye tangu ana meno ya utoto, sijawahi kulisikia likiisha. Nilisimamisha wimbo hapo. Sikuwa na nguvu ya kuendelea, na chai nayo ilikuwa imepoa.

Sasa umeuliza ninasema nini nikiguna. Nasema, "Usikosee hapa." Basi. "Usikosee hapa, usikosee hapa." Mahali pagumu pakikaribia naingiwa na hofu, mdomo unaanza kuviomba vidole. Hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kusema. Watu walidhani ni mzuka wa muziki, nami nikauacha uitwe hivyo, kwa kuwa mzuka una heshima kuliko woga. Wewe umekaa miezi ukijifunza woga wa mtu mwingine kwa sikio, na kusema kweli umeupatia mpaka mwenyewe nimedanganyika.

Uache. Huo si wako. Jumapili hii nenda karakana, rudia zile sehemu ukiwa umefunga mdomo. Kama Kinyozi atasema wimbo umepungukiwa, mwambie Vidole amesema anyoe.

Mwonyeshe mdogo wangu barua hii, ya jana aichane. Kwenye jalada piano ni yako, jina lako peke yake. Kwenye shukrani wasinitie kabisa, hata kwa herufi ndogo, maana nitanunua nakala na nitakuwa nalisoma hilo jina kila siku kama mtu anayekuna kidonda. Mwaka ukiisha nitarudi kama nilivyopanga. Sijui nitafanya nini kwenye bendi. Naweza kubeba spika, nina mgongo mbaya lakini nina muda. Piano ibaki hapo ilipo. Nikitaka kuipiga nitakuja siku za kazi, wewe ukiwa dukani kwako, na shemeji atajifanya hanisikii, hilo analijua vizuri.

Usidhani nimekuwa mtu mwema ghafla. Asubuhi hii nilipokuwa nangoja basi nilikuombea mafua. Madogo tu, ya Jumapili moja. Nadhani nitaendelea hivyo kwa muda, inakuja na kuondoka, na mke wangu anasema kwa wanaume wa umri wangu huchukua mpaka msimu ubadilike.

Siku mtakayozindua albamu nitakuja. Nitakaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango. Ukiniona natikisa kichwa, usifurahi haraka, nitakuwa natafuta kosa. Nikilikosa nitapiga makofi kama wengine, ila nitachelewa kidogo kuanza.

Vidole